Kiraka cha Arnold

Ukiingia kwa Brenda Openshaw, pale Rochdale, ukutani kwenye korido unakutana na sanduku jeusi lenye kioo na taa, na nyuma ya kioo neno moja jeupe: QUEENSGATE. Limeandikwa kwenye kile kitambaa kirefu kilichokaa kwenye paji la basi kuwaambia abiria linakoelekea. Kina majina ya mitaa chungu nzima, kimeviringishwa kwenye miti miwili yenye mkono wa kuzungushia. Marehemu mumewe, Arnold, fundi rangi wa karakana ya mabasi, ndiye aliyekinusuru kisitupwe. Brenda hukitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Jua halikigusi, na kila Jumapili hukizungusha chote kisije kikakakamaa na rangi ikapasuka. Wageni wanaomshauri akikate vipande auze hawapewi biskuti.

Hiyo Queensgate ni kiraka. Mtaa walikozaliwa Brenda na mdogo wake Wilf, Tanner Bottoms, ulipobomolewa, Arnold ndiye aliyetumwa kubandika jina jipya juu ya lile la zamani. Walikuwa wachumba wakati huo. Brenda alilia sana.

"Usilie, mpenzi," Arnold alimwambia. "Lipo palepale chini. Sijaligusa."

Brenda husema maneno hayo ndiyo yaliyomwoza.

Sasa Wilf anahamia Australia kwa binti yake, na kwa umri wake harudi tena. Alipiga simu.

"Nataka kuliona jina letu kabla sijaondoka. Bandua hicho kiraka."

"Nibandue kazi ya mume wangu?"

"Mumeo kakujazia nyumba nzima kazi zake. Sisi tumebaki na jina tu, dada."

Hapo alimshika pabaya. Siku moja kabla Wilf hajaja kuaga, Brenda alitandaza kitambaa mezani, akapitisha pasi ya uvuguvugu juu ya taulo, akachokonoa ukingo kwa kisu cha siagi. Kiraka kikatoka kizima.

Chini yake palikuwa peusi, hapana jina. Akasogeza taa. Rangi ya zamani ilikuwa imekwanguliwa yote kwa wembe, kisha pakapakwa weusi, safi kabisa. Arnold hakuwa mtu wa kulipua kazi, na gundi haishiki vizuri juu ya rangi kuukuu.

"Mwongo mkubwa wewe," Brenda akauambia ukuta.

Alikasirika hasa, mpaka chai ikapoa. Halafu akamwonea huruma kijana yule mwenye rangi kwenye kucha, amesimama mbele ya msichana anayelia, hana kingine cha kumpa. Akakoroga gundi, akakibandika kiraka, akarudisha kitambaa sandukuni.

Wilf aliingia na koti lake na malalamiko yake.

"Kumbe hujabandua! Ubishi wako hauzeeki?"

"Gundi ya Arnold ni balaa. Nikivuta hiki, na jina la chini linaondoka nacho. Acha likae humohumo."

Wilf akafungua kioo, akaweka vidole juu ya kiraka, akafumba macho, akavisogeza polepole kutoka kushoto.

"Aisee, T hii hapa," akasema, machozi yakimtiririka. "Na A. Nazigusa zote, dada!"

"Si nilikwambia," alisema Brenda, na sauti haikumtetemeka hata kidogo.