Walipomuuliza Mayu Holo Alikoyajulia Mazimwi

Moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka una harufu isiyotoka kwenye nguo hata ufue mara ngapi. Kwetu Nkololo kuni zilikuwa za kufuata mbali, kwa hiyo tulipikia kinyesi hicho, na moshi wake uliyageuza mekundu macho ya kila mwanamke aliyezeeka akipuliza jiko. Msimu ninaoukumbuka zaidi ni wa mavuno ya pamba, nikiwa darasa la nne. Jioni watoto wote tulizunguka lundo tukichambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, na dada mkubwa wa mama yangu, Mayu Holo, yaani Mama Holo, mjane, akitusimulia habari za shing'weng'we, zimwi linalomeza kijiji kizima pamoja na ng'ombe wake. Hakuna aliyesinzia. Siku moja zimwi lilikuja kwa miguu, siku nyingine lilikuja limepanda trekta. Nilipolalamika kwamba jana halikuwa na trekta, alicheka: "Jana lilikuwa maskini."

Katikati ya msimu huo ndama wa jirani wakaanza kufa. Daktari wa mifugo alikuwa Bariadi mjini na hakuna aliyejisumbua kumfuata. Ilikuwa rahisi zaidi kumtazama mjane mwenye macho mekundu, ambayo kwetu watu waliyaita macho ya mchawi. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao uani kwetu, wanaume juu ya viti, wanawake chini. "Mayu," alisema, kwa adabu ambayo mpaka leo inanichefua, "habari za mazimwi unazijulia wapi? Mbona sisi hatujayaona?" Mayu Holo akajibu bila kuinamisha kichwa: "Nyingine nilizipata kwa mama. Nyingine, baba, natunga mwenyewe." Jibu hilo ndilo lililommaliza. "Atunge nini, mwanamke ambaye hajakanyaga darasa?" mtu akadakia. "Huyo anasimulia anayoyaona!" Wakaguna kukubali. Walikuwa tayari kuamini kwamba anatembea na zimwi usiku, lakini si kwamba ana akili ya kulibuni. Wakaamua anyamaze au ahame. Wajane wengine walishakatwa mapanga kwa maneno kama hayo, kwa hiyo alihama. Pamba iliyobaki tuliichambua kimya, na ndama wakaendelea kufa.

Alikwenda Lamadi, akakaanga samaki kando ya barabara kuu mpaka alipofariki. Nikiwa sekondari nilimtembelea na kumwomba kisa kimoja tu. Aligeuza samaki wake kikaangoni. "Nimesahau, ng'wanone," alisema. Hakuwa amesahau, na sijawasamehe waliomfundisha kusema hivyo.

Leo mimi ndiye ninayelipwa kwa kubuni. Nimeandika vitabu vya mambo ya ajabu na tamthilia za runinga, na watu huniita ukumbini kunisifu kwa ubunifu, kwa sababu nina shahada na miwani. Hivi karibuni mtayarishaji mmoja jijini alitaka mchawi wa tamthilia yangu awe mjane mzee anayeishi peke yake. Watazamaji, alisema, watamtambua haraka. Nilikataa, sauti ikanipanda. "Dada, mbona hasira zote hizo?" akacheka. "Ni hadithi tu." Nilichukua muswada wangu nikatoka ofisini mwake. Ni hadithi tu! Angesimama mtu mzima mmoja uani kwetu siku ile akayasema maneno hayo matatu, Mayu Holo angezeekea nyumbani kwake. Hakusimama mtu. Hata mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja, hakusimama.