Kiko cha Gunzi Siku ya Dote ya Kavira

Watu wa avenue yetu huku Ndosho wakiniona wanakohoa, makusudi kabisa, halafu wanaangalia pembeni, na mimi napita na hasira zangu bila kujibu. Basi heri niwasimulie mwenyewe aibu yangu, maana kila anayeisimulia ananiongezea matapishi.

Ilikuwa siku ya dote, yaani mahari, ya mdogo wangu Kavira. Baba yetu alishakufa, kwa hiyo mimi, mtoto wake wa kwanza, ndiye niliyetakiwa kukalia kiti chake na kuwajibu wageni. Sasa mimi nina uso wa kitoto, ndevu zimekataa kuota, na wageni walikuwa wanatoka Himbi, watu wa gari na viatu vya kung'aa, nikaogopa wataniona kijana tu. Nikamweleza rafiki yangu Muhindo, fundi wa simu pale kwenye kona, na yeye (natamani siku hiyo angekuwa bubu) akasema, "Kasereka, kamata pipe. Mutu mwenye pipe, hata akinyamaza, watu wanafikiri anawaza."

Asubuhi ya dote akanitengenezea kiko hicho yeye mwenyewe. Alichukua gunzi la muhindi aliokula jana yake, akalikata, akalitoboa katikati kwa kisu, akachomeka kijiti cha mwanzi ubavuni, akanipa pamoja na tumbaku ya majani, ile kali inayosokotwa kama kamba. Gunzi lilikuwa bado bichi (leo najua linatakiwa likauke vizuri kwanza, na anayeanza anaweka tumbaku kidogo, anavuta polepole, moshi unabaki mdomoni tu, lakini siku hiyo nani aliniambia?). Mimi hata sigara sikuwahi kuvuta. Nikajaza mpaka juu, nikashindilia kwa kidole gumba kama mtu anayejaza mfuko wa makaa.

Wageni wakafika, wakaketi uani chini ya turubai. Baba wa bwana harusi, muzee mnene, mpole, akanimiminia soda waliyokuja nayo kwa mkono wake mwenyewe, nikanywa, kisha nikatoa kiko changu nikawasha. Moshi haukuja. Nikavuta kwa nguvu, ukaja wote kwa pamoja na maji machungu ya gunzi, nikaumeza. Wazee wao walikuwa wananiangalia kwa heshima kweli, nikaona dawa inafanya kazi, nikavuta tena na tena, na kila mara nameza.

Msemaji wao akasimama. "Muzee Kasereka, tumefika kuomba mutoto. Tunangoja neno lako."

Muzee. Neno lenyewe nililokuwa nalitafuta, na ndipo hapo baridi ikanipanda mgongoni, mate yakanijaa, uani kukaanza kuzunguka. Nikatia kiko haraka mfukoni mwa koti, nikasimama, nikafungua mdomo, na badala ya neno ikatoka soda yote, na vingine, juu ya viatu vya baba wa bwana harusi. Nikaanguka magoti.

Shangazi Masika akaruka. "Wamemupatia karuho."

Karuho ni sumu, na hapa kwetu neno hilo halitamkwi kwa mchezo, kuna watu wamehama mtaa kwa sababu yake. "Ni ile soda yao," akaendelea. "Mulimutilia nini mutoto wa kaka yangu?" Mama akaanza kulia, vijana wetu wakafunga mlango wa uani, muzee wa watu anasema taratibu, "Mama, nami nimekunywa chupa ileile," na hakuna anayemsikia. Mimi nataka kusema ni tumbaku, kila nikifungua mdomo natapika. Mara koti langu likaanza kufuka moshi, mtu akanimwagia beseni zima la maji ya kunawa, na mjomba wangu tayari alikuwa amemkaba msemaji wao kola ya shati.

Nilipopata pumzi nikachomoa kile kiko mfukoni, nikakiinua juu. "Siyo sumu. Ni hii. Nilitaka nifanane na muzee."

Mjomba akaiachia ile kola. Kavira alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake kipya, akaniangalia, akaingia ndani. Muzee wa Himbi akapangusa viatu vyake kwa leso yake mwenyewe.

"Mumetuita walozi mbele ya watu," akasema, na wakaondoka bila kugusa chakula.

Ilibidi tuwafuate Himbi na mbuzi kuomba msamaha. Ndoa wakaikubali, ila kwa sharti kwamba mimi nisiwe msemaji tena, na familia ikamchagua nani? Shangazi Masika. Aliyewaita walozi ndiye amekalia kiti cha baba, na mimi nimewekwa nyuma nigawe soda.

Nikaenda kwa Muhindo na koti langu lililotoboka. Akacheka mpaka machozi. "Lakini Kasereka, kila mutu anajua moshi ya pipe haimezwi."

Kila mutu. Nilitoka kabla mkono wangu haujafanya kitu, na tangu siku hiyo simu yangu ikiharibika naipeleka Mugunga, kwa fundi nisiyemjua. Nimeapa kwamba siku watu wanangoja neno langu, mdomoni mwangu hamuingii kitu ambacho sijakijaribu nikiwa peke yangu, chooni kama ni lazima. Juzi Muhindo amenitumia mtu, eti yaishe. Nimemjibu kwamba nitayamaliza siku watoto wa avenue watakapoacha kukohoa.