Waasi wa Kijerumani Sebuleni Kwetu

Baba yangu alisomea uhandisi Ujerumani Mashariki. Alipelekwa huko kutoka Unguja akiwa kijana, zamani kabla hatujahamia Maskati, Oman. Alirudi na shahada, koti zito ambalo hapa halina kazi, na mapenzi ya hadithi za Kijerumani, hasa za watu wasiokubali kufuata mkumbo. Mwanafunzi anayemkatalia mwalimu mbele ya darasa, askari anayetupa bunduki na kushika njia ya porini, hao ndio aliowapenda. "Yule ni mtu," alikuwa akisema. "Kasimama peke yake."

Aliniambukiza mapenzi hayo. Nilijifunza Kijerumani mpaka kikawa kazi yangu. Siku hizi naongoza watalii wanaoshuka melini bandari ya Matrah. Mama hakijui hata kidogo. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwetu mtaa wa Mabela, Baba huweka filamu moja kati ya zile zake za zamani na kumfasiria Mama maneno yote, kama alivyokuwa akifanya mtu mmoja sinemani Unguja zamani, akiwafasiria wenzake filamu za Kihindi. Mama hushona kofia huku akisikiliza.

Kulikuwa na kichekesho hapo ambacho hakikumchekesha mtu. Mwasi wa Kijerumani alikuwa na kiti sebuleni kwetu, lakini mwasi wetu wenyewe alikuwa haruhusiwi kupita getini. Kaka yangu alimuoa mwanamke wa Moshi aliyekuja Maskati kufanya kazi za ndani, na Baba alikuwa keshamchagulia binti wa ukoo. Kaka alisema hapana, bila hata kupandisha sauti, na Baba akamwambia asikanyage tena nyumbani. Walikuwa wakiishi mtaa wa Darsait, chumba na sebule juu ya karakana. Mimi na Mama tulikuwa tukienda kuwaona kwa kisingizio cha kwenda sokoni. Baba alikuwa akijua, ila hasemi, na kuna siku nilimchukia kwa ukimya huo.

Mwezi uliopita kaka alituambia kwamba yeye, mkewe na mtoto wao wanahamia Moshi moja kwa moja. Tangu hapo Mama alitaka kitu kimoja tu, baba na mwana wapatane kabla ya safari. Alimwambia Baba. Baba akajibu, "Mungu awafikishe salama," akaendelea kusoma gazeti lake.

Ijumaa iliyofuata aliweka filamu ya mtoto wa mwoka mikate anayefukuzwa kwao kwa sababu ya mwanamke aliyempenda. Mwishoni huoni watu. Unaona mlango wa duka uliofungwa, theluji inaanguka, na sauti ya mwanamume inaeleza yaliyompata kijana yule. Sauti ilisema amekufa ugenini, akazikwa na watu baki.

Baba alisogeza miwani yake. Kisha akafasiri, "Anasema yule kijana karudi kwao, wakapatana na babake."

Nilimgeukia. Alijua kuwa nimesikia, lakini hakuondoa macho kwenye televisheni.

Nilikwenda jikoni kuchemsha kahawa, na Mama akanifuata.

"Mtu karudi kwao," aliniuliza kwa sauti ya chini, "mbona mlango umefungwa?"

Ningeweza kumsitiri Baba. Lakini nilikuwa na hasira, na muda uliobaki ulikuwa mdogo.

"Hakurudi, Mama. Kafa huko huko."

Mama alizima jiko, ingawa kahawa ilikuwa haijachemka, akarejea sebuleni. Nilimfuata kwa sababu niliogopa kitakachotokea.

"Bwana," alisema, "yule kijana kafa."

"Nnajua."

"Basi kwa nini umenambia karudi?"

Baba alivua miwani. Nilitarajia afoke na kutuambia tusimwingilie.

"Nlitaka kulisema," alijibu. "Neno lenyewe nnalijua. Halikunitoka."

Mama aliketi ubavuni pake, jambo asilolifanya mbele yetu.

"Wetu anaondoka Jumatano. Huyo akishakwenda, hutoweza kumrudisha kwa maneno."

Baba alikaa akizungusha miwani mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee, mzee kweli, mtu ambaye huenda asimwone tena mwanawe duniani. Hasira yangu iliniishia palepale, nikabaki na huruma tupu. Kisha akanigeukia, na usoni mwake mlikuwa na aibu ambayo sijapata kuiona.

"Mwanangu, mke wa kaka yako anaitwa nani? Siwezi kwenda kwao nami sijui nimwiteje."

Nilimtajia. Alilisema jina lile polepole, akakosea, nikamsahihisha, akalisema tena.