Picha ya Mpiga Zeze Aliyoibeba Mtani Msibani Kwetu Temeke

Wakuu, marahaba wote. Kama humu yumo anayenizidi umri, shikamoo yake.

Mjukuu ndiye anayechapa, mimi nasema tu. Chumvi sijatia. Niliyaona kwa macho yangu nikiwa msichana, enzi za Mwingereza.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mjini. Mzungu alipohamishwa akamwachia picha ndogo ya rangi ya mafuta, haizidi kitabu cha nyimbo za kanisani. Mwanamume mwenye zeze anatoka pangoni, mkewe yuko nyuma yake.

Ni hadithi ya Wayunani wa kale. Yule bwana alifiwa na mke, akamfuata kuzimu, akapiga zeze mpaka wenyewe wa huko wakalainika. Wakamruhusu amchukue, ila asigeuke kumtazama hadi wafike juu. Akageuka, akampoteza.

Mama aliipenda picha ile kuliko vyombo vyake vyote. Alikuwa akisema, "Huyu wa kwetu bado hajageuka."

Kisha baba akafariki.

Sasa vijana mwelewe: sisi ni Wanyamwezi, na Wazaramo ni watani wetu. Mtani akija msibani humtukana marehemu, hubeba kitu cha nyumbani, nanyi mnakikomboa kwa jogoo huku mnacheka. Msipokomboa, ni chake.

Mtani wetu alikuwa Mzee Kondo, jirani, rafiki wa baba wa kufa na kuzikana. Tuliporudi makaburini aliingia ndani, akatoka na picha kwapani.

"Mpishi mchoyo kaniachia mke! Leteni jogoo, la sivyo huyu naenda kumwoa!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mama alitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba alazwe.

Kaka yangu mkubwa, mwalimu aliyekulia bweni la misheni, akasimama.

"Weka chini, mwizi wewe! Unaiba kwenye nyumba ya msiba?"

Kicheko kikakatika. Mzee Kondo akamtazama mama, mama akainama. Mjane wa siku ile angemkemeaje mwanawe wa kiume mbele za watu? Mzee akaondoka na picha.

Kesho yake mama akanituma na jogoo kwa Mzee Kondo. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Jogoo wa jana ningempokea. Wa leo ni wa kumlipa mwizi, mie simtaki. Na picha sinayo, nimempelekea mwenyewe."

Alikuwa ameifukia kwenye kaburi la baba, udongo ukiwa bado laini. Nikamwambia mama. Akasema kaburi halifukuliwi.

Kaka baadaye alikwenda kuomba radhi. Alipokewa vizuri, akapewa na chai. Lakini tangu hapo Mzee Kondo alitusalimia kwa heshima tupu, hata kejeli moja hakuna. Wakuu, heshima ile iliniuma mno.

Mama alipofariki, Mzee Kondo alikuja na wanawe. Wakakaa jamvini, wakatoa pole, wakaaga. Hakuna aliyemtukana mama. Hakuna aliyebeba hata kijiko. Nililia, watu wakashindwa kuninyamazisha.

Nilichojifunza: elimu ya bwenini ni nzuri, lakini mila za nyumbani kwenu ziulize kabla hujafoka. Kaka hakuwa mtu mbaya, hakujua tu.

Haya, nanyi semeni ya kwenu, mjukuu atanisomea. Na kama humu yumo Mzaramo, karibu unitukane. Nimekaa miaka mingi bila.