Pikapu Inayovuta Ziwani

Jua limekwisha kupanda juu ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, lakini ziwa Mweru halionekani. Moshi wa mashamba yanayochomwa umelifunika, na kisiwa cha Kilwa kimemezwa pamoja na mitumbwi yake. Kando ya barabara, Roger Kazadi amesimama mbele ya basi dogo bovu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Hajashika spana. Kwanza anamwuliza mwenye gari swali lake.

"Mbele nishike hii motokari, uniambie kweli," anasema. "Nani alikufaka mu ndani?"

Mwenye gari, mchuuzi wa samaki aitwaye Lackson, anacheka, kisha anaona mwenzake hacheki. Anakuna kichwa. Anakiri kwamba kondakta wa zamani alianguka mlangoni, ndiyo, lakini hilo ni jambo la miaka mingi. Roger anaitika, anakwenda kwenye mlango ule, anaugonga taratibu kwa kiganja na kulitaja jina la marehemu. Ndipo kazi inapoanza.

Wapo wanaomcheka. Huwacheka na yeye pia, kwa sababu wengi wao hurudi wiki ya pili na gari lile lile na kuomba waulizwe upya. Lisemwalo lipo, na Roger hana haraka.

Fundi huyu ni Mkongo kutoka upande wa Pweto, anaishi makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Kazi yake ni kuyafanya magari makuukuu yakubalike barabarani. Yale yanayotoka Kongo yana usukani kushoto, na wateja wa Zambia huutaka kulia, hivyo yeye huukata, huuhamisha, na kuchomelea upya kila kinachoufuata. Mwezi mzuri humwachia kama kwacha elfu mbili. Masika, hata nusu yake ni bahati.

Kuhamisha usukani si kazi ya kufichwa. Ukibadilisha usukani, injini, hata rangi, lazima utangaze. Mkaguzi alitazame gari upya, namba ya chesisi ilingane na ya hati, na mwenye gari ajulikane ni nani. Roger huwaambia wateja kwamba serikali nayo ina swali kama lake, ila imelivalisha tai: gari hili lilikuwa la nani, na mtu huyo yuko wapi?

Lakini mganga hajigangi. Nyuma ya karakana, chini ya turubai, kuna pikapu ya buluu ambayo kwa muda mrefu hakuiuliza kitu.

Ilikuwa ya Ilunga, kaka yake mkubwa. Mwaka 2017, vita vilipofika kwao, Ilunga aliwapakia wote, mkewe Pierrette, watoto na Roger, akawafikisha ufukweni na kuwapandisha mtumbwi wa kuvukia Zambia. Yeye hakupanda. Aliigeuza pikapu kwenda kumchukua mama yao kijijini, na mara ya mwisho Roger alimwona kwa mgongo, kichwa chake kirefu kikigusa paa. Hakuonekana tena.

Ajabu ni kwamba mama yuko hai. Wachuuzi wanaovuka ziwa huleta habari zake: amehifadhiwa kwa mjomba karibu na Pweto, miguu imekufa ganzi, na ameapa hataingia mtumbwi wowote. Atakuja kwa barabara, ndani ya gari la mwanawe, au hatakuja. Kila gari likipita huuliza kama ni Ilunga.

Miaka miwili iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliileta pikapu kutoka Kongo kupitia mpaka wa Chiengi. Forodha alilipa, usajili ukamshinda, maana hati ya umiliki ya Kongo, ile karatasi ya pinki iliyokuwamo, ilikuwa na jina la mtu mwingine. Akaiuza kwa bei ya vyuma chakavu. Roger aliitambua kwa uchomeleaji wa mkono wake mwenyewe chini ya bodi. Alilipa, akaisukuma hadi karakana. Mtu anayemwuliza kila mteja nani alikufa, siku ile hakumwuliza muuzaji hata ilipopatikana.

Aliuhamisha usukani wake, kazi iliyokula kiangazi kizima. Siku ya kuijaribu alielekea kaskazini, ziwa likiwa kushoto, na pikapu ikavuta kushoto. Si neno, alijiambia, magurudumu hayajanyooshwa. Aligeuza kurudi, ziwa likiwa kulia. Ikavuta kulia.

Fundi yeyote atakuambia gari bovu huvuta upande mmoja. Roger alibadilisha tairi, akakaza kila nati, akadhani barabara imeinama kuelekea majini. Akaipeleka uwanja wa mpira wa shule, mahali palipo tambarare kama meza, akaielekeza kila upande na kuachilia usukani. Kila mara ilijikunja polepole ikatazama ziwa. Wanafunzi waliokuwa wakicheza waliuchukua mpira wao wakaondoka bila kufukuzwa.

Halafu kiti cha kushoto, kilichokuwa cha dereva kabla ya usukani kuhamishwa. Roger ni mfupi na Pierrette ni mfupi zaidi, kwa hiyo kilivutwa mbele. Kila walipofungua mlango walikikuta nyuma kabisa, mahali pa mtu mwenye miguu mirefu. Springi ya kiti ilibadilishwa. Kiti kikarudi nyuma.

Mkaguzi, Misheck Chanda, aliiendesha mwenyewe. Taa zilipita, breki zilipita. Alirudi shati limemganda mgongoni ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. "Ba Roger," alisema, "kwenda inavuta huku, kurudi inavuta kule. Hiyo mimi nitaiandika vipi?" Kisha, akiwa amekwisha kushuka na kusimama mbali kidogo, akamweleza lililokuwa zito kuliko usukani. Gari ni la Ilunga. Ama Ilunga aweke sahihi, ama mtu wa damu yake aape mbele ya hakimu kwamba amekufa. Miaka saba ya kupotea imekwisha kupita, kiapo kitapokelewa. Bila hivyo pikapu haitapata hati, na bila hati haitavuka mpaka kumfuata mama.

Roger alikataa. Alifunika pikapu kwa turubai na kwa miezi mingi hakutaka isemwe. Aliona kuapa ni kumwua kaka yake kwa mdomo, na mtu haui ili apate karatasi. Mama naye huko akazidi kudhoofika. Uchungu huo, anasema, ulimkausha hadi suruali zake zikashonwa upya.

Aliyeukata mzizi wa fitina ni Pierrette, ambaye hakuwahi kuvaa nguo za ujane. Alikuja karakana mchana, akaliondoa turubai mwenyewe, akakitazama kiti cha kushoto.

"Shemeji, ule mutu amechoka," alimwambia. "Anataka kushuka, na weye unamufungia mu motokari."

Wakaingia. Pierrette alipanda nyuma, kwenye bodi, akakiacha kiti cha kushoto kitupu. Waliifuata njia ya kaskazini hadi karibu na ufukwe walikoshukia mwaka ule, kisha Roger akaondoa mikono kwenye usukani. Pikapu ilitoka barabarani bila kuyumba, ikapita kati ya vichanja vya kukaushia samaki, ikashuka mchangani. Anaapa hakukanyaga breki. Ilisimama magurudumu ya mbele yakiwa majini, na injini ikazima.

Hapakuwa na upepo. Ng'ambo hakukuonekana kitu, weupe mtupu. Pierrette alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto na kuushikilia wazi, kama anavyofunguliwa mgeni.

"Ilunga, shuka," alisema. "Tulishafika."

Springi za upande ule zikalia. Bodi ikanyanyuka kidogo, kama inyanyukavyo mtu mzito anaposhuka. Wote wawili waliona. Roger aliyatazama maji ya kina kifupi yakijikunja mahali pasipo na mguu, akafungua kinywa, na neno likatoka: yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao, amekufa. Hapo ndipo Pierrette alipopiga kilio, na wanawake wa vichanja wakaja kulia naye, bila kuuliza anayeliliwa ni nani.

Walirudi jioni. Roger aliachilia usukani tena barabarani, na pikapu ikanyooka kama kamba.

Ungedhani alifurahi. "Zamani nikiachilia volani, nilikuwa najua yaya iko upande gani," anasema. "Leo sijui."

Kiapo amekwisha kula. Anasema hakimu alikuwa mpole na jambo lilikwisha upesi kuliko kununua mkate. Wiki ijayo Misheck ataikagua tena, na Roger hana shaka itapita. Kibali cha kutoka makazini kimeombwa. Ataendesha mwenyewe hadi Pweto, amlaze mama kwenye godoro nyuma, amlete Mantapala, ambako Pierrette amekwisha kumkandikia chumba kwa udongo.

Kinachomnyima usingizi ni dakika ya kufika. "Atasikia mulio wa motokari, atajua njo ile ile," anasema, na sauti inamshuka. "Ataangalia ku kushoto kwanza, sababu kule njo Ilunga alikuwaka anakaa. Mi nitakuwa ku kuume. Kwa hakimu nilisema mara moja, ikatosha. Kwa mama, sijui kama nitaweza."