Ufunguo wa Hsiu-yun

Mshahara wake Dada Hsiu-yun aliupata kwenye ofisi ya bima hapa Taipei. Kazi ya moyo aliifanya kwetu, kundi la kujitolea, kwenye programu huria ya kuonyesha basi limefika wapi. Kwa miaka sita alikagua msimbo wa programu ulioandikwa na kila mtu, ukiwamo wangu, ambao ulikuwa wa kutia aibu. Alikosa kitu kimoja tu: ufunguo, yaani ruhusa ya kupitisha marekebisho bila kumwomba mtu.

Funguo tulikuwa nazo wanaume watano, na tuliamua nani apewe baada ya mkutano, kwenye mkahawa wa bia na kome wa kukaangwa. Hsiu-yun aliwahi kulalamika kwamba mezani pale aliulizwa ataolewa lini. Tulishtuka, maana sisi ni watu wa maendeleo. Tukaandika kanuni za heshima kurasa kumi na moja, tukamwanzishia kikundi cha wanawake chenye nembo ya waridi, na ili asisumbuliwe tena, tukaacha kumwalika kwenye bia.

Mwezi wa tatu alimfuata mwenyekiti wetu, Po-han.

"Kaka, nataka ufunguo."

"Dada, wewe tena? Wewe si ndiye fahari ya mradi?"

"Fahari haipitishi msimbo."

"Haya, tutaliongelea Ijumaa."

"Wapi?"

Po-han akajikuna shingo. "Palepale. Ila kuna kelele, moshi... hutapapenda."

Ijumaa hiyo ufunguo tulimpa Chih-wei, mgeni wa miezi miwili, kwa kuwa alikuwepo na anachekesha. Niliinua glasi kama wenzangu. Jumatatu Po-han akamwandikia Hsiu-yun amfundishe Chih-wei kukagua msimbo.

Programu huria haina mwenyewe; yeyote anaruhusiwa kuichukua. Hsiu-yun aliinakili yote, akaondoka na kikundi chake kizima cha wanawake, wakaanzisha yao. Kufika kiangazi abiria walishawahamia, kwani kwetu mabasi yalionekana kufika kituoni jana yake.

Po-han aliumia kweli. Akaandaa mjadala: "Kwa Nini Wanawake Wanatukimbia?" Wazungumzaji sita, wanaume watupu. Akaniagiza nimpigie Hsiu-yun aje, angalau picha ipendeze.

"Mjadala saa ngapi?" Hsiu-yun akaniuliza kwenye simu.

"Saa nane mchana."

"Na uamuzi mtaufanyia wapi?"

Niliona haya, kwa sababu oda ya meza ya watu sita kwenye mkahawa uleule wa bia nilikuwa nimeshaiweka mimi mwenyewe.