Roboti Iliyopiga Chafya

Mama hakuiamini tangu ilipomwambia, "Karibu mama, pole na jua."

Tulikuwa tumetoka Ilala kwenda Kariakoo kununua feni. Mlangoni mwa duka la vifaa vya umeme palisimama roboti nyeupe iliyonifika kiunoni, macho yake taa za buluu. Watu walikuwa wakiipiga picha. Mama aliizunguka taratibu, kama anayekagua kuku kabla ya kununua.

"Imejuaje kama nimetoka juani?" alininong'oneza.

"Imewekewa maneno, mama. Kompyuta hiyo."

Akaigeukia. "Umekula nini leo?"

Ikanyamaza kidogo. "Mimi nakula umeme tu, mama."

Watu wakacheka. Mama hakucheka, na hata mimi niliyejifanya mjuzi nikaanza kuingiwa na shaka. Ilijibu vizuri mno. Mara ikapiga chafya, na chafya hiyohiyo tukaisikia pia juu ya dari.

"Samahani," ikasema.

"Chuma kinaugua mafua?" Mama alikwishaanza kupanda ngazi za stoo. Mwenye duka akatukimbilia akisema huko juu haparuhusiwi, lakini mama alikuwa ameshasukuma mlango.

Katikati ya maboksi alikaa binti mwenye kipaza sauti mkononi, mbele yake kioo kidogo cha kamera kikionyesha watu wa mlangoni. Aliposikia mlango, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe!"

"Naomba usiwaambie watu, mama. Nitakosa kazi."

"Wamekufungia humu?"

"Hapana. Mchana nashuka kula."

Hilo nalo mama hakuliamini. Alimtazama mwenye duka mpaka akainamisha macho. Tulinunua feni na kuondoka. Kule mlangoni hatukusema neno, kwa ajili ya yule binti.

Miezi kadhaa baadaye tulirudi kutafuta pasi. Pale mlangoni palikuwa na roboti nyingine, ndefu zaidi, inayojibu haraka bila kusita. Mama aliipita akaenda moja kwa moja kwa mwenye duka.

"Yule binti wa juu yuko wapi?"

"Aliacha kazi, mama. Hii inajiendesha yenyewe."

"Aliacha, au mlimwachisha?"

Mwenye duka akajifanya anapanga nyaya. Mama akaniomba nipande nikaangalie. Nikapanda. Stoo ilikuwa na maboksi tu, na kiti kimegeuziwa ukutani. Niliposhuka kumwambia hakuna mtu, alitikisa kichwa.

"Basi wamemhamishia kwingine," akasema. Pasi tukaenda kuinunua duka la jirani.